Njia ya Miguu ya Mama Linganisha

Familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja, na imetupa sisi wadogo zake kazi ya kuisoma safari ya maisha ya marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Linganisha.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, mtoto wa kwanza kati ya watano, na jina hilo la Linganisha alilipata mezani, kwa sababu hakutia tonge mdomoni kabla hajaangalia nani kapewa nyama kubwa, na kama kubwa ilikuwa yake, aliila kimya kimya.

Alisoma shule ya msingi ya hapo stesheni, kisha sekondari ya wasichana, akapata shahada ya takwimu mwaka 1985, na mwaka uliofuata akaajiriwa wizara ya uchukuzi, ambako baadaye alipewa kazi ya kulinganisha nchi kwa usafiri usiochafua hewa, yaani treni, mabasi, baiskeli na waendao kwa miguu.

Tarehe 9 Septemba 1989 aliolewa na shemeji yetu, dereva wa lori la dizeli, nasi tukacheka mbavu hatuna, maana bwana alitoa moshi na bibi akauhesabu, lakini walipendana kwelikweli, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2003 binti huyo aligongwa na gari akienda shule, kwenye barabara ya mbele ya nyumba yao, kwa kuwa waendao kwa miguu hawakuwa na pa kupita, na mpaka leo anachechemea.

Mwaka uliofuata katika orodha yake ya usafiri safi nchi yetu ilitokea ya tatu kati ya ishirini, eti kwa sababu watu wetu wengi hutembea, ofisini wakaagiza keki, lakini dada akagoma kutia saini, akisema anayetembea kwa kukosa nauli, malori yakimpulizia vumbi, si sawa na anayetembea kwa raha zake, akaongeza kwenye jedwali safu ya waliogongwa na magari, tukaporomoka hadi ya kumi na tisa. Mkurugenzi alimhamishia stoo, na cheo alichokisubiri akapewa mwingine, jambo lililomuuma sana.

Hata hivyo wafadhili waliisoma safu ile, wakaweka sharti kwamba pesa zao za barabara zijenge pia njia za waendao kwa miguu, na mwaka 2011 njia ikajengwa kutoka nyumbani kwao, kupita hapa makaburini, hadi shuleni. Siku ya kukata utepe hakualikwa, akaitembea jioni yake na binti yake, wamevaa viatu vya kutokea.

Alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2021, akafariki tarehe 2 Juni 2023, mumewe na binti yake wakiwa wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, akiwemo mkurugenzi mstaafu, ambaye tumemwona.

Asubuhi hii shemeji aliliacha lori nyumbani, akabeba jeneza pamoja nasi, binti akitangulia kwa mwendo wake ule ule, tukaifuata njia ile ya miguu, na kutoka mlangoni hadi hapa kaburini hakuna aliyeruka mtaroni kupisha gari.

Pumzika kwa amani, dada, tumefika salama.