Maisha ya Mzee Kimya, Aliyeacha Bendi Akabaki na Gitaa

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mzee wetu, familia inawasomea kwa ufupi safari ya maisha yake, na tunaomba mtu akicheka katikati asiione aibu, kwa kuwa mwenyewe angecheka.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa dereva wa treni ya mizigo na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako vikombe vilitetemeka kabatini kila treni ilipopita. Alichelewa sana kusema, hata shangazi yake akaanza kumwita Kimya, na siku aliposema alikuta jina limekwisha kuota mizizi, akaliacha likae.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha shule ya ufundi hadi 1972, akihitimu fani ya umeme kwa alama nzuri, ingawa mwalimu wa kwaya alimwomba kwa upole awe anafungua mdomo tu na wenzake bila kutoa sauti. Hilo lilimwingia, na tangu hapo hakuimba mbele ya mtu yeyote, hata kuwabembeleza watoto wake alipiga mluzi.

Januari 1973 alianza kazi kwa mjomba wake, fundi redio mwenye kibanda chembamba chenye harufu ya risasi ya kuchomelea, na ndani ya kibanda hicho, juu ya rafu, palikuwa na gitaa lililoletwa kubandikwa shingo na mwenyewe asirudi kulichukua. Mjomba alimwambia, "Mwenyewe akija utampa, asipokuja basi limepata baba." Mwenyewe hakuja. Mchana Kimya alitengeneza redio za watu na jioni alilitengeneza gitaa, na baadaye gitaa nalo likamtengeneza yeye.

Mwaka 1975 alijiunga na bendi ya roki iliyokuwa ikivuma mjini, akawa mpiga gitaa wao na vilevile fundi wa spika zao. Mwimbaji na kiongozi wa bendi, ambaye wote mnamfahamu kwa jina la Tarumbeta na leo yuko nasi hapa mbele, alikuwa na sauti ya kutikisa bati, lakini alikuwa na tabia moja, wimbo ulipofika mahali pa kuimba yeye mara nyingi alikuwa bado yuko nyuma ya jukwaa, anachana nywele au anamalizia hadithi. Kwa hiyo bendi ilijiwekea sheria kwamba gitaa halikatiki, Kimya azungushe sauti zilezile mbili, na azungushe tena, mpaka mkubwa atakapofika kwenye kipaza sauti. Alizungusha hivyo kwa miaka kumi na mmoja.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa akishona nguo za bendi, na Mungu akawajalia watoto wanne, mmoja wa kiume, mapacha wa kike, na kitinda mimba ambaye ni wa kike pia.

Mwanzoni mwa 1986 bendi ilirekodi santuri, na ilipotoka Kimya aliiweka kwenye mashine pale kibandani akasikiliza mara mbili, akagundua kwamba kila mahali gitaa lilipozungumza peke yake pamekatwa. Hakugombana. Mazoezi yaliyofuata alikunja waya wake taratibu, akasema, "Jamani nawashukuru, mimi nakwenda kupiga peke yangu." Walicheka wote, na Tarumbeta akamwambia, "Kimya wewe! Gitaa bila mwimbaji? Nani atoe kiingilio aje kumtazama mtu anakaza nyuzi? Utarudi kabla waya haujapoa." Nyumbani mkewe alisikiliza habari hiyo huku pini zimo mdomoni, akazitoa, akasema, "Nenda kapige baba watoto, tukilala njaa angalau tutalala tunasikiliza kitu." Tangu siku hiyo jambo aliloishi nalo, akilala nalo na kuamka nalo, lilikuwa moja tu, kama mtu asiye na sauti anaweza kuwakalisha watu kwa gitaa pekee.

Onyesho lake la kwanza lilikuwa tarehe 9 Agosti 1986, katika ukumbi wa wafanyakazi wa posta, mbele ya majirani, wateja wa cherehani, na mpiga ngoma wa bendi aliyejibanza nyuma akidhani haonekani. Kimya aliona aanze na wimbo wa bendi uliojulikana ili awapashe watu moto, akauanza vizuri, lakini ulipofika mahali pa kuimba vidole vikafanya vilichozoea, vikazungusha sauti zile mbili, vikazungusha tena, vikimsubiri mtu ambaye saa hiyo alikuwa kwake anakula. Mzee mmoja muuza magazeti akapaza sauti, "Bwana, mwimbaji wako kaenda kununua sigara?" na watu wakaangua kicheko.

Hapo ndipo maisha ya mzee wetu yalipogeuka, kwani badala ya kusimama aliacha kidole gumba kiendelee kusubiri kwenye nyuzi nene, na vidole vingine akavipeleka kwenye nyuzi nyembamba, vikaimba yale maneno ya Tarumbeta bila maneno, vikaanza na kikohozi chake kile cha kusafisha koo, vikavuta mwisho wa mstari kama anavyouvuta yeye, hata watu wakamtambua wakapiga kelele, "Huyo! Huyo kaja!" Muuza magazeti alisimama akasema, "Nimefuta swali langu," na mpiga ngoma alisahau kwamba amejificha, akawa anapiga mgongo wa kiti cha mbele yake. Siku ile watu hawakumruhusu kushuka mpaka mlinzi alipokuja kutikisa funguo.

Haikuwa mteremko baada ya hapo. Mwaka 1988 alipiga hotelini watu wakiendelea na mazungumzo yao, muziki wake kwao kama mvumo wa feni, na alirudi kibandani kutengeneza redio ili watoto waende shule, lakini kila jioni alikaa na gitaa akizoeza kile kidole gumba kusubiri na vile vingine kusema. Mwaka 1990 mtangazaji wa redio alileta kinasa sauti chake kitengenezwe, akamkuta anakijaribu kwa kujirekodi, akaomba ile kanda, na wiki hiyohiyo ikapigwa hewani. Santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1991, haina mwimbaji hata mmoja, nayo ikauzwa hadi mahali ambako hakuna anayejua lugha yetu. Alipiga katika nchi kumi na tisa, na kila alikokwenda watu walishika vichwa wakitafuta mpiga gitaa wa pili amejificha wapi.

Mwaka 1997 Tarumbeta alikwenda kwenye onyesho lake, akatoa kiingilio kama watu wengine, na baadaye akamwomba arudi waongoze bendi wote wawili. Kimya alimkumbatia akamjibu, "Kaka, nilipo nimefika. Ila wewe njoo uimbe kwangu, tena safari hii ukichelewa sehemu yako naianza mwenyewe." Wakapanda jukwaani pamoja mara nyingi, na Tarumbeta hakuchelewa tena.

Mwaka 2021 madaktari waligundua kwamba moyo wake umetanuka. Tarehe 2 Desemba 2023 daktari wake alimruhusu apige onyesho moja la mwisho, kwa sharti kwamba amalize ndani ya nusu saa, naye daktari akakaa mstari wa mbele ampe ishara. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nusu saa ilipita, na saa nzima ikapita, daktari amefumba macho anatikisa kichwa kufuata gitaa. Marehemu alifariki dunia asubuhi ya tarehe 18 Mei 2024, hospitalini, mkewe akiwa amemshika mkono wa kushoto, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu sita.

Familia inamshukuru daktari huyo pamoja na wauguzi wote, majirani waliovumilia mazoezi ya miaka hamsini kupitia ukuta mwembamba, mafundi wenzake wa redio, na wanamuziki wa ile bendi, ambao wameomba wenyewe wabebe jeneza, na familia imekubali.

Baba, lile jambo ulilolala nalo na kuamka nalo umelipatia jibu, uliwakalisha watu, na leo umewakalisha tena. Sasa lala, upumzike kwa amani.