Mashuka ya Wageni Kwenye Njia ya Ndege

Wasikilizaji wapendwa, kama una nguo kwenye kamba, ziache kwanza. Jua bado lipo. Vuta kiti, sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyefua nguo za watu maisha yake yote, na siku moja akamvua mhandisi viatu bila kumgusa.

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila hata mumewe alilitumia pale tu walipogombana. Mama Povu alikuwa dobi. Ukimtafuta asubuhi, ungemkuta povu limemfika viwikoni. Na ukimuudhi, wasikilizaji, povu hilohilo lilihamia mdomoni. Wifi yake, dada wa mumewe, anatuambia hivi: "Wifi yangu alikuwa na mdomo, jamani! Akianza kukusema unatamani ungekuwa shuka. Shuka angalau likishafuliwa linaanikwa, linapumzika."

Mumewe ni fundi viatu. Yeye tunaye, Mungu ampe nguvu. Ni mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu. Mke alikuwa anasema, mume anashona, na ndoa ikaenda. Mzee huyu ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kuona kiatu kibovu akakiacha. Anaweza kukusimamisha njiani, mkaongea habari za mvua, kumbe macho yake yako kwenye kisigino chako. Binti yao mkubwa anasema hata siku ya harusi yake, baba aliinama mbele ya wageni wote akakagua viatu vya bwana harusi. Ndipo akamkubali mkwe.

Nyuma ya nyumba yao kuna kiwanja. Shikeni hapo, wasikilizaji, maana habari yote ya leo iko kwenye kiwanja hicho. Ni kiwanja cha kuanikia nguo. Nguzo huku, nguzo kule, kamba katikati. Madobi wa mtaa mzima wanaanika hapo: mashuka ya hospitali, mapazia ya nyumba za kulala wageni, sare za shule, makoti meupe ya wapishi. Watoto wa Mama Povu walikulia chini ya kamba zile. Huyo binti mkubwa, ambaye sasa ni nesi, alijifunza kutembea akishikilia pindo za mashuka ya watu.

Basi siku moja ikaja habari. Uwanja wa ndege wa zamani, ulio upande wa pili wa mji, umekuwa mdogo. Utahamishwa. Utahamia wapi? Kwao. Wapimaji walikuwa wameshapita wakachomeka vigingi vyenye rangi nyekundu, na kigingi kimoja kilikuwa kimesimama katikati ya kiwanja cha kuanikia, kama mgeni asiyeaga.

Mama Povu hakuogopa kuhama nyumba. Nyumba hujengwa. Alichoogopa ni kukosa kiwanja. Wangepewa nyumba nyingine, sawa, lakini kiwanja hakuna aliyekitaja. Na dobi asiye na pa kuanika, alisema, ni mtu mwenye nguo mbichi tu.

Ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa shule. Mhandisi, kijana mtanashati, akaja na wenzake, akatundika ramani ukutani. Kwenye ramani ile kiwanja chao kilikuwa cheupe pe. Juu yake yameandikwa maneno mawili: eneo tupu.

"Tupu?" Mama Povu akasimama. "Mlikuja kupima lini?"

"Wakati wa mvua, mama."

"Mvua! Sasa baba, mvua ikinyesha dobi anaanika wapi? Kichwani kwako?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Angeishia hapo, angekuwa ameshinda. Lakini Mama Povu, tumpe haki yake na tumpe lawama yake, hakujua kuishia. Akaendelea na ramani. Akatoka kwenye ramani akaingia kwenye suruali ya mhandisi, jinsi ilivyopigwa pasi vibaya. Akamaliza kwa kola ya shati. Kijana wa watu akakunja ramani yake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Mkutano ukavunjika. Watu walicheka njia nzima, lakini vigingi vilibaki palepale.

Nyumbani mumewe alimsubiri mpaka akavua kanga ya begani, akakaa. Kisha akasema, "Umewafua vizuri. Lakini hujawasuuza."

Mama Povu akanuna. Alinuna siku hiyo na siku ya pili yake. Siku ya tatu, akiwa anapiga pasi, wifi yake alimsikia anacheka peke yake. "Kweli bwana," akasema. "Sabuni imebaki. Wale watu inabidi waje tena, na safari hii wapite wenyewe pale wanapotaka ndege ipite."

Akawaomba wahandisi msamaha kupitia mwenyekiti wa mtaa. Akawakaribisha, siku yoyote ya jua. Wao wakakubali. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba kitu kimoja: shuka la wageni.

Mnalijua shuka la wageni, wasikilizaji wapendwa. Kila nyumba inalo. Lile linalokaa chini kabisa ya sanduku, ambalo mwenye nyumba mwenyewe halilalii. Mama Povu akaomba hilohilo. Wifi yake aligoma.

"Shuka langu la harusi ulitandike chini? Kwenye vumbi?"

"Ndiyo, wifi."

"Wewe ndege imeshakupanda kichwani kabla haijaja!"

"Wifi, nani atafua likichafuka?"

Wifi akafikiri. "Wewe."

"Basi tatizo liko wapi?"

Shuka likatoka.

Asubuhi ya siku ile walifagia kwanza. Wakafagia kiwanja, wakafagia uchochoro, wakafagia mpaka ndani ya nyumba. Halafu wakatandika mashuka moja baada ya jingine, kufuata vigingi vyekundu, kuonyesha pale ndege itakapopita. Mstari ukaanzia barabarani. Ukakatiza kiwanja, chini ya kamba zilizojaa nguo. Ukaingia uchochoroni, ukapita jikoni kwa wifi, kati ya meko na mtungi. Ukatokea nyumbani kwa Mama Povu, ukaingia chumbani, ukapanda juu ya kitanda, ukashuka upande wa pili, ukatoka kwa mlango wa uani. Binti yake anakumbuka alivyomwuliza, "Mama, na kitandani pia?" Naye akajibu, "Kigingi ndicho kinachosema, mwanangu. Mimi natandika tu."

Wahandisi wakafika. Mhandisi wetu mbele, wenzake nyuma, viatu vina tope la kule walikotoka. Watu wamejipanga kando, kimya. Mama Povu naye kimya, na wifi yake anaapa hiyo ndiyo ilikuwa ajabu kubwa kuliko zote siku ile. Mhandisi akafika kwenye shuka la kwanza, jeupe, limenyooka, lina maua yaliyotariziwa pembeni. Akainua mguu. Akaushusha nyuma.

Hakuna aliyemwambia kitu. Lakini nani, wasikilizaji, nani aliyelelewa na mama anaweza kukanyaga shuka safi kwa viatu? Mhandisi akainama, akafungua kamba za viatu. Wenzake wakamtazama, nao wakainama. Soksi ya mmoja ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia nje, na watoto wakashindwa kujizuia. Hata mwenye kidole akacheka.

Wakatembea. Walipita chini ya nguo zilizoanikwa, zikawagusa nyuso. Jikoni kwa wifi wakaomba radhi kwa kuingia bila hodi. Walipofika chumbani wakasimama mbele ya kile kitanda, watu wazima, wameshika ramani, hawajui pa kutazama. "Karibuni," Mama Povu akawaambia kwa upole. "Ndege huwa haibishi hodi, lakini ninyi ni wageni wangu." Walikizunguka kitanda. Hakuna aliyethubutu kukipanda.

Sasa hapa ndipo jambo ambalo hakuna aliyelipanga likatokea. Wahandisi wamemaliza, wanarudi barabarani wachukue viatu vyao waende zao. Viatu hamna.

Fundi viatu alikuwa ameviona. Angefanyaje? Kiatu cha mhandisi soli ilikuwa imeachama mdomo wazi. Alikuwa ameshavibeba vyote kibandani kwake, na hicho ameshakisugua, ameshakipaka gundi, na amekiwekea jiwe juu.

"Mzee, naomba viatu vyangu, tuna safari."

"Gundi haijakauka," akasema fundi.

"Itakauka lini?"

"Ikikauka."

Basi wahandisi wakakaa. Wangeenda wapi pekupeku? Wakaletewa viti, wakaletewa chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu walioshindwa kuzungumza ukumbini wakazungumza pale uani. Dobi mmoja akaeleza, mwingine akaeleza, na wahandisi nao wakaeleza yao: kwamba uwanja wa zamani kweli umebana, kwamba si ubaya, ni kazi. Siku ile kila mtu alimsikia mwenzake.

Mama Povu hakukaa. Alikuwa anaanua, na mhandisi, kuona mama mtu mzima anahangaika na shuka kubwa, akainuka akashika ncha ya pili. Mnajua kukunja shuka ni kazi ya watu wawili. Mnaanza mmesimama mbali. Mnanyoosha, mnakunja, mnasogeleana. Mnakunja tena, mnasogeleana. Mwishoni mikono yenu inakutana. Hapo mikono ilipokutana ndipo Mama Povu akasema, kwa sauti ambayo mumewe anasema alikuwa hajaisikia tangu uchumba wao.

"Mwanangu, mimi sizichukii ndege. Nazipenda, nikiziona napunga mkono kama mtoto. Ila hapa pana watu."

"Nimeona, mama. Lakini mwamuzi wa mwisho si mimi."

"Najua. Wewe kawaambie tu si patupu."

Akaenda akawaambia. Tusidanganyane, wasikilizaji wapendwa, si mashuka peke yake yaliyofanya kazi. Walikuwepo wengine waliopinga, na upande mwingine wa eneo lile kulikuwa na maji chini ya ardhi. Lakini mhandisi alikwenda akasema, akabishana na wakubwa zake, na ramani ikafutwa ikachorwa upya. Uwanja wa ndege haukuhama. Uliongezwa palepale ulipo, kwa upande usio na nyumba. Vigingi vyekundu viling'olewa, na Mama Povu akakiomba kile cha kiwanjani. Akakitumia kuegemeza mlango wa bafu mpaka mwisho wa maisha yake.

Na ndege akaja kupanda! Binti yake nesi alihamishiwa kazi mji wa mbali, akamtumia tiketi. Mama Povu akaomba kiti cha dirishani. Ndege ilipoinuka ikageuka juu ya mtaa wao, akaona chini mistari myeupe, mingi, inapepea. Akasimama na mkanda wake, mkanda ukamrudisha kitini. "Kwetu pale!" akaipigia kelele ndege nzima. "Yale mashuka yangu! Tazameni, nyie, si patupu!" Abiria wakajazana madirishani. Aliposhuka alikuwa ameshapata wateja wawili.

Mama Povu ametutoka wiki iliyopita. Alikuwa amekula, ameshiba, amekaa kivulini akisubiri nguo zikauke. Mumewe alikwenda kumwita, akamkuta amelala, vibanio vya nguo viko mapajani. Alikuwa mtu mzima, ameona wajukuu, na tunamlilia kwa sababu tulimzoea.

Aliacha neno moja. Binti yake anatueleza: "Mama alituambia zamani, siku nikifa msije mkaacha kamba wazi kwa ajili ya msiba. Mtu akipita akaona kamba wazi, atasema hapatumiki."

Siku ya mazishi madobi wote waliacha kazi. Hakukuwa na nguo ya mteja hata moja. Basi mabinti wakafungua sanduku la mama yao. Wakafua magauni yake yote, la harusi, la kufulia, na lile alilopandia ndege, wakayaanika toka nguzo hadi nguzo. Waombolezaji wakapita chini yake, yakawagusa nyuso.

Mhandisi alikuja. Ana mvi sasa. Alivua viatu mlangoni kama wengine wote, akaingia, akakaa na wafiwa. Alipotoka alimkuta fundi viatu amekaa kizingitini, kiatu kimoja cha mgeni huyo mkononi, anakigeuzageuza. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akabonyeza soli kwa kidole gumba, kisha akamrudishia. "Hiki hakina tatizo," akasema. "Lakini kaa kidogo."

Mhandisi akakaa.

Wasikilizaji wapendwa, kwako wewe fundi viatu, kwako binti na wadogo zako, kwako wifi mtu uliyepoteza mtani wako, tunawapa pole kutoka moyoni. Msiba wenu ni wetu. Na sisi tuliobaki tujiulize: ni mahali gani tumepita siku ya mvua tukasema hapana kitu? Turudi siku ya jua.

Leo asubuhi, kabla ya kuingia studio, tulipitia kiwanjani. Magauni yalikuwa yameanuliwa. Mahali pake yalikuwepo mashuka ya hospitali, na binti yake mkubwa alikuwa ameshika ncha moja ya shuka, wifi ameshika ya pili, wanasogeleana.