Kiti cha Kuoshwa Miguu

Mheshimiwa Askofu, mwenyekiti wa ushirika wetu. Waheshimiwa wachungaji na wazee wa makanisa. Ndugu wageni waalikwa mliovuka mipaka, na wengine bahari, kuja hapa. Kina mama wa jikoni mnaonisikiliza dirishani. Wifi yangu, mke wa Katibu, uliyetuazima mume wako miaka yote hii bila kununa. Na wewe kaka, Katibu wetu unayestaafu, tunayekuita Mzee Jagi ukiwepo na usipokuwepo: nawasalimu nyote kwa amani.

Nimeombwa niseme machache kabla sijakabidhiwa funguo za ofisi yake. Wanaonijua wameanza kucheka, maana machache si fani yangu. Nitajitahidi.

Vijana wengi humu wanadhani ushirika huu wa kimataifa wa makanisa ya Mennonite ulizaliwa mezani, kwa katiba na mihuri. Nani aliwaambia hivyo? Mezani nusura tuuzike.

Tulikutana katika karakana ya chuo cha useremala, kwa sababu hapakuwa na ukumbi mwingine wa kututosha, na viti tulivyokalia vilikuwa bado vinanuka gundi. Walikuwapo wenzetu wa makanisa yaliyotuma wamisionari, na sisi wa makanisa yaliyowapokea. Sote ni watu wa amani, hatushiki silaha wala hatuli kiapo. Lakini, ndugu zangu, asiyeshika silaha bado ana ulimi. Wenzetu walisema kanisa mama ndilo liongoze. Wetu wakauliza, mama huyu atatuita watoto mpaka tuote mvi? Wale wanaoimba kwa sauti nne bila chombo chochote hawakuelewana na wale wasioweza kumsifu Mungu bila ngoma, na kila upande ulijua kwa hakika ni upande gani unaopendeza mbinguni. Siku ya mwisho ilifika hatujakubaliana lolote, na baadhi yetu tulikwisha kufunga mabegi.

Likabaki jambo moja: kuoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana, kama ilivyo desturi yetu, wanaume kwao na wanawake kwao. Tukatundika mashuka katikati yawe pazia. Sisi kina mama tuliketi, tukaoshana, tukakumbatiana, tukavaa viatu vyetu. Upande wa pili kimya. Kisha tukasikia sauti zinapanda. Nikachungulia. Waheshimiwa wachungaji mnisamehe, lakini nani angevumilia?

Niliona wanaume wazima wamesimama, kila mmoja na beseni mkononi na taulo begani, na viti vyote vitupu. Kila mtu alikuja kuosha. Hakuna aliyekuja kuoshwa. Kiongozi wa wenzetu, tuliyemwita Mchungaji Mrefu, alishikilia kwamba wao waliotangulia katika imani ndio wanaopaswa kuinama. Wazee wetu nao walishikilia kwamba wao ndio wenyeji, na mgeni hawezi kuja nyumbani kwa watu akashika kazi. Watu walikuwa wanagombania unyenyekevu! Wapi pengine mtayaona hayo, kama si kwetu sisi?

Mzee Jagi enzi hizo alikuwa fundi bomba, na tulikuwa tumemteua kuwa mkalimani. Alikuwa amesimama na jagi la maji ya moto, na maji yanapoa. Akasogeza kiti mbele ya Mchungaji Mrefu, akasema kwa upole:

"Mchungaji, umetuletea Neno, shule na dawa. Hujawahi kutuachia nafasi tukupe kitu. Keti."

Mchungaji Mrefu akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti ya chini, "Soksi yangu imetoboka."

Ndugu wageni, karakana nzima iliangua kicheko. Yeye mwenyewe alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mzee wetu mmoja akavua kiatu haraka kuonyesha soksi yake, ambayo kisigino hakikuwepo kabisa. Basi Mchungaji Mrefu akaketi, mzee yule wa soksi akamwosha, Mzee Jagi akimimina maji. Alipooshwa akainuka, akamketisha aliyemwosha. Jioni ile ile maneno "kanisa mama" yalifutwa katika rasimu, yakaandikwa "makanisa ndugu". Na hayakuwa maneno matupu. Mafuriko yalipobomoa nyumba huko kwa wenzetu, mafundi seremala waliopanda ndege kwenda kuwajengea walitoka kwetu, na wenzetu waliwapokea bila aibu. Huo ndio ushirika, na nasimama hapa kifua mbele kwa ajili yake.

Sasa kaka, nina neno na wewe. Tangu siku ile, kila mkutano umeshika jagi. Umewamiminia maji watu wa mataifa mengi. Na kila zamu yako ya kuketi ikifika, mara maji yamekwisha, mara simu inakuita, mara unamtafuta dereva. Hatujawahi kuiona miguu yako. Asubuhi hii umeiambia kamati kwamba hata leo utashika jagi tu, ndivyo unavyopenda kuaga. Nikakuheshimu, nikanyamaza. Lakini nitaongozaje ushirika ambao mwasisi wake anaondoka hajawahi kupokea? Ninaogopa, kaka, na nakwambia mbele za watu. Ukiondoka hivyo, waliobaki watajifunza kwako, nasi tutarudi kwenye mabeseni na viti vitupu. Hizo funguo, kama ni hivyo, sizichukui.

Geuka nyuma yako. Aliyekaa karibu na mlango, mwenye fimbo, unamfahamu. Madaktari walimkataza Mchungaji Mrefu kusafiri, akapanda ndege. Magoti yake hayakunjiki vizuri, kwa hiyo wanawe wawili watamshika akiinama. Ameomba jambo moja tu, nawe unalijua.

Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu. Kina mama, leo hakuna pazia, tazameni kwa raha zenu. Mheshimiwa Askofu, naomba umpokee kaka yangu jagi. Na wewe kaka, hata kama soksi imetoboka, vua viatu, uketi.