Tangi la Mama Masjala

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe Mama Masjala, uliyezoea kukaa nyuma na leo umekalishwa mbele: shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za mchana.

Nimeteuliwa kumuaga mama huyu anayestaafu leo kwa sababu meza yangu imepakana na yake.

Kila jioni yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka, nasi tulimsema sana. "Ana bwana mkali," mmoja wetu akacheka. Jamani, bwana alikwishafariki, na binti yake yuko ng'ambo. Nilijua hayo siku niliyomsaidia kubeba mizigo hadi kwake. Sebuleni hamna televisheni. Kuna tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe hai, ya zambarau na ya kijani, aliyoanza kuyalea pamoja na marehemu. Sauti pekee inayosikika nyumba nzima ni ya pampu.

Nikasema kwa adabu, "Mama, haka kaua kadogo ndiko kazuri kuliko yote."

"Mwanangu, unamsifia mwizi mbele ya mwenye nyumba?"

Kumbe si ua, ni kiumbe hai! Mikono yake ni laini kama nyuzi, lakini huyachoma matumbawe mpaka yanyauke, kisha hutwaa nafasi yao. Nikataka kuking'oa, akanipiga kofi mkononi. "Ukimng'oa atakatika, na kila kipande kitaota mwingine. Huyu analishwa." Akachukua bomba la sindano lenye maji ya ndimu, akalisogeza polepole hadi mdomoni mwa kile kiumbe, akasukuma. Kikajikunja, kikafa.

Tangu hapo nimekuwa nikienda kila Jumamosi kumsaidia kuwaua wenzake, maana wamejaa tangini. Ndugu zangu, nani kati yetu alijua kwamba aliyetufundisha sote kutafuta majalada alikuwa akirudi nyumbani kupigana vita peke yake? Na mimi, niliyepanga chumba kimoja, ambaye simu yangu hailii mwisho wa wiki, nilikuwa nikimsaidia yeye au nafsi yangu?

Nisamehe, Mama, kwa hili. Jumamosi iliyopita bomba lilimponyoka mara mbili; mkono wake haushiki tena kama zamani. Akafuta maji sakafuni, akaniambia akishastaafu nisijisumbue, kijana ana mambo yake. Na wale wezi wameshalifikia tumbawe kubwa la zambarau, lile alilolipenda marehemu.

Mheshimiwa, kiti cha kupumzikia mlichomzawadia ni kizuri. Lakini Mama, mimi sina mambo yangu. Naomba uniruhusu niendelee kuja, na unijibu hapa hapa mbele ya mashahidi, maana tukibaki wawili utakataa kwa upole, nami nitaogopa kukuuliza tena.

Anasema nije, ila viatu nivulie mlangoni. Mmesikia wote.

Kwa kunipa masikio yenu, asanteni sana.