Fundi Penina Margwe na Chaja ya Mbulumbulu

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Fundi Penina Margwe anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika Kampuni ya Ukungu Safari, Karatu. Wasifu huu umeandikwa kwa ajili ya sherehe ya kumuaga. Kila jambo lililomo limehakikiwa kwa wenzake wa gereji, baadhi yake mara mbili, kwa sababu mwenyewe ataketi meza ya mbele, na sote tunajua anavyomtazama mtu aliyefunga waya bila kuukaza.

Fundi Penina alizaliwa Endabash, akasomea umeme katika chuo cha ufundi Arusha, na mwaka 1993 akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa katika gereji yetu. Alipangiwa jenereta ya kambi ya zamani, ile iliyokuwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Waliowahi kukaa kule wanasema ukungu ulikuwa unaingia jikoni bila kubisha hodi, mtu akinyoosha mkono haoni kidole chake. Fundi alifunga kamba kutoka mlango wa jiko hadi kibanda cha jenereta, na kila alipokwenda kazini aliishika kamba hiyo na kutembea ndani ya weupe mtupu, akifuata mngurumo. Kuna asubuhi moja alikuta nyati amelala ameegemea ukuta wa kibanda, anaota joto la injini. Ilikuwa saa ya kuizima. Fundi hakuizima. Wapishi walipomuuliza mbona taa zinawaka jua likiwa limeshatoka, aliwajibu kwamba kuna mgeni hajaamka.

Jambo wanalolikumbuka zaidi ni masikio yake. Angeweza kuwa mezani, kijiko kikiwa hewani, akasema, "Jenereta imekohoa," akaondoka. Wali wake ungepoa, na muda si mrefu taa zingefifia, halafu zingerudi kwa nguvu. Magari ya dizeli aliyajua hivyo hivyo. Dereva akiingia getini, Fundi alishajua ni tairi, ni beringi, au ni dereva mwenyewe ndiye mwenye tatizo.

Ndiyo maana yalipokuja magari ya umeme mwaka jana, wengi tulimwonea huruma. Gari la kwanza liliposhushwa uwanjani na kusogea bila sauti yoyote, Fundi alilizunguka, kisha akasema, "Jamani, masikio yangu yamestaafu kabla yangu." Watu walicheka. Yeye alitabasamu tu, halafu akakaa na vitabu vya mafunzo mpaka akavielewa.

Ukimya wa magari hayo ulituletea visa. Kwenye tambarare ya Olbalbal, ambako vumbi na anga hukutana pasipo mpaka, ng'ombe hawakupisha njia kwa sababu hawakusikia kitu. Gari lilitokea katikati yao kama kitu kilichoota pale. Mzee Sairowua, mwenye kundi, alikuja ofisini na rungu lake na kusema kwa upole kabisa, "Gari lenu linatembea kama ndoto. Ng'ombe wangu hawaoti mchana. Lifungeni kengele." Fundi Penina hakubishana naye. Alilifunga kengele ya ng'ombe kwenye bampa ya mbele, na mpaka leo wageni wetu wa kutoka mbali wanadhani ni pambo.

Lakini kisa ambacho gereji nzima ilisema lazima kiandikwe ni cha chaja ya Mbulumbulu.

Mwezi Mei mwaka huu, kwa ushauri wa Fundi Penina, kampuni ilifunga chaja ya ukutani nyumbani kwa dereva Emilian Tluway, Mbulumbulu. Ni chaja janja: inaongea na simu ya dereva kwa intaneti, inachagua saa ambazo umeme wa kijiji umetulia, inajisimamisha betri ikijaa, na inaleta taarifa kwenye kompyuta ya ofisini Karatu. Kabla ya hapo Emilian alikuwa analala uwanjani kwetu siku nyingi za juma ili awahi wageni alfajiri. Nyumbani ana mke, Angelina, na mama yake mzazi, Mama Germana, ambaye macho yake yanaendelea kufifia. Chaja ilipofungwa, gari likaanza kulala Mbulumbulu, na Emilian pia. Jioni alimshika mama yake mkono wakaketi nje, mashamba ya ngano yakigeuka rangi mbele yao, naye akimsimulia yale ambayo mama hawezi tena kuyaona.

Septemba chaja ikagoma. Taa ya kijani ikawa nyekundu, na gari likaamka na njaa. Likarudia. Wageni wakachelewa geti la Ngorongoro. Meneja wetu, Bwana Adrian Sulle, si mtu wa hasira, ila wageni ni wageni. Alisema kwamba ikifika Jumamosi bila ufumbuzi, chaja ing'olewe, gari lirudi kulala uwanjani Karatu, na dereva wake alale nalo. Emilian alikwenda gereji, akasimama karibu na Fundi Penina mpaka alipomwona.

"Mama, nikirudi kulala huku, mama yangu ataniona lini?"

"Kaa utulie, kijana wangu. Jumamosi bado."

Fundi alipanda Mbulumbulu Jumatano mchana. Kwanza alishuku intaneti. Kule mtandao huja na kuondoka kama mawingu, na simu ikipotea chaja inaweza kuendelea kungoja amri. Akaitoa kwenye ratiba ya simu, akaiamuru ichaji mara tu waya unapochomekwa. Taa ikawaka nyekundu. Akashuku waya wenyewe, maana ulikuwa msimu wa vumbi na makapi ya ngano yalikuwa yamejaa kila tundu. Akausafisha kwa brashi, akaupeleka mpaka uwanjani Karatu na gari lake. Kule likachaji bila kinyongo. Basi waya ni mzima, gari ni zima, na tatizo limebaki kijijini.

Alhamisi akashuku mashine ya kusaga. Mashine hiyo ni ya Bwana Josephati, ipo nyumba ya tatu, na inaponguruma taa za jirani huinama. Fundi aliingia pale akiwa na hakika tayari.

"Josephati, unakula umeme wa kijiji kizima!"

"Mimi nasaga mahindi tu, dada. Umeme unakula wewe na gari lako."

"Zima kidogo nipime."

"Nizime, hawa akina mama wakalale na mahindi yasiyosagwa?"

Akina mama waliokuwa kwenye foleni walimuunga mkono mwenye mashine, na mmoja akauliza gari lina haraka gani hata lishindwe kumngoja mtu asage. Mwishowe Josephati alizima. Fundi akapima volti nyumbani kwa Emilian mashine ikiwa imezimwa, akapima tena ikiwa imewashwa. Tofauti ilikuwapo, lakini haikutosha kuigomesha chaja. Alirudi pale pale mbele ya foleni ile ile na kusema, "Josephati, nimekusingizia. Nisamehe." Josephati alimpa kiti, akamwambia kwamba kwa kuwa amekuja mara mbili sasa ni mteja.

Fundi alimpigia simu Mhandisi Nanyokie, binti aliyetuuzia chaja, aliyeko Arusha. Nanyokie alisoma kumbukumbu za chaja kutoka huko huko aliko.

"Shikamoo, Mama. Inasema haioni ardhi."

"Marahaba. Haioni ardhi? Mimi nimesimama juu yake."

"Fimbo ya shaba, Mama. Njia ya umeme kushuka chini imekuwa nyembamba. Chaja inaogopa kumuumiza mtu, ndiyo maana inakataa."

Kila nyumba iliyofungwa umeme vizuri ina fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini, ili umeme ukipotea njia upate pa kwenda badala ya kupitia kwa mtu. Wawili hao walikumbushana kwamba fimbo hiyo waliipima pamoja mwezi Mei na ikafaulu. Fundi akaifuata. Ilikuwa upande wa pili wa nyumba, mbali na chaja, kwenye kona. Waya wake ulikuwa umekazwa vizuri, haukukatika, haukuota kutu. Ijumaa ikafika.

Angelina anasema mchana ule Fundi aliketi kwenye kigoda uwanjani, akashika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Ukungu ulikuwa unashuka polepole kutoka msituni, nyumba za mbali zikayeyuka moja moja, na gari likabaki limesimama kama mnyama mkubwa mweupe aliyesinzia. Uwanja ulikuwa umefagiliwa vizuri mno. Ulikuwa mgumu na unang'aa kama sakafu. Hakuna kuku aliyekuwa anaparua, hakuna beseni, hakuna kamba ya nguo. Fundi aliusifu. Mama Germana, aliyekuwa ameketi mlangoni na khanga mabegani, akaguna.

"Usafi gani huo, Penina? Tangu gari lije, maboga yangu yamekufa."

"Maboga gani, Mama?"

"Ya pale konani. Angelina alikuwa anaoshea vyombo pale, na nguo pale. Sasa amekatazwa. Hata mimi kutema mate natazamwa."

Angelina alijitetea haraka. Alisema kwamba gari ni mali ya kampuni, na kila mtu anajua umeme na maji havipatani. Kwa hiyo tangu Julai walihamishia karo ya kuoshea nyuma ya zizi, wakaziba mfereji, wakashindilia udongo wa uwanja mzima ili hata tope lisiruke. Watoto wa jirani walipigwa marufuku kupita na ndoo. Nyumba nzima ilikuwa inaliheshimu gari.

Fundi Penina aliweka kikombe chini, akamwuliza Mama Germana maboga yalikuwa wapi hasa. Mama hakuhitaji macho. Aliinuka, akaenda akipapasa ukuta mpaka kwenye kona, akaelekeza kwa mkongojo wake pale pale ilipozikwa fimbo ya shaba.

Hapo ndipo Fundi alipocheka, na waliokuwapo wanasema hawajawahi kumsikia akicheka hivyo. Mwezi Mei mvua za masika zilikuwa zimelowesha kila kitu. Baada ya masika, maji ya vyombo na ya nguo ya Angelina yaliendelea kuilowesha kona ile kila siku, na umeme ulikuwa unashuka ndani ya udongo laini bila shida. Heshima ilipoingia, maji yakatoka. Kiangazi kikaukausha udongo ukawa kama tofali, maboga yakafa, na chaja ikapoteza ardhi.

Akaomba maji. Angelina alisita, akamtazama mumewe aliyekuwa amerudi tu kutoka kazini kwa gari la mwenzake. Emilian akaleta ndoo mwenyewe. Walimwaga polepole kuzunguka fimbo, wakangoja udongo unywe, wakamwaga tena. Fundi alipima, akasubiri, akapima tena. Kisha akamwambia Emilian achomeke waya. Chaja ilifikiri kidogo, kama inavyofanya, halafu ikawaka kijani. Karatu, kwenye kompyuta ya ofisini, tuliona mstari mdogo ukianza kupanda, na gereji nzima ikaja kuutazama.

Fundi hakuishia kwenye ndoo, na amesisitiza jambo hili liandikwe wazi: maji yalimwagwa kwenye udongo wa fimbo, mbali na chaja, naye ndiye aliyekuwa na kipimo mkononi. Mtu yeyote asimwage maji kwenye chaja wala karibu yake. Jumamosi asubuhi alirudi na vijana wa gereji, wakazika fimbo nyingine ndefu zaidi, inayofika udongo usiokauka, wakaiunga na ile ya kwanza. Karo ya Angelina ikarudi mahali pake pa zamani. Bwana Adrian alipanda mwenyewe kuona, akanywa uji kwa Mama Germana, na habari ya kung'oa chaja haikutajwa tena. Tangu hapo nyumba za madereva wengine wawili zimefungiwa chaja, na kitu cha kwanza Fundi anachouliza akifika ni mahali wanapooshea vyombo.

Mafanikio yake mengine ni mengi, na baadhi hayataingia katika ukurasa huu. Amewafundisha mafundi ambao leo wanaongoza gereji za watu wengine. Hakuna mtu aliyewahi kuumizwa na umeme katika kazi aliyoisimamia. Na hakuwahi kumwacha dereva barabarani, hata wakati wa mvua zile kubwa zilizokata njia ya kushukia kreta, alipotembea kwa miguu kulifuata gari lililokwama huku akiimba kwa sauti ili tembo wajue kuna mtu.

Siku ya Ijumaa, sherehe ikimalizika, gari litampeleka nyumbani Endabash. Madereva waligombea heshima hiyo. Emilian hakugombea. Alisema tu kwamba gari lake litakuwa limelala kwake na litaamka limejaa, na wenzake wakamwachia. Mama Germana ametuma salamu kupitia kwake, nasi tunaziandika kama alivyozitamka: "Mwambieni Penina asinidai zawadi ya kuagana. Mwanangu ananisalimia kila asubuhi akiwa mlangoni pangu. Nitampa nini kinacholingana na hicho?"

Nasi hatuna kinacholingana. Fundi Penina, asante kwa miaka yote. Nenda ukapumzike kwenye nyumba yako, ulale mpaka jua likufikie kitandani, na siku zako ziwe nyingi, tulivu, na zenye watu unaowapenda karibu.