Mwalimu Gervasi na Rambirambi za Chikago

Tarehe 30 Juni 1979, Mwalimu Gervasi Ntabaye anastaafu baada ya kulitumikia taifa kwa miaka thelathini na mitatu. Kati ya hiyo, kumi na saba ya mwanzo alifundisha watoto kule Simbo, na kumi na sita iliyobaki amefundisha watu wazima katika kituo chetu cha Kasingirima, hapa Ujiji. Mwenyewe husema watoto walikuwa wagumu zaidi, lakini watu wazima ndio waliompa mvi.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Veneranda, niliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, niandike wasifu wake kwa kifupi na kwa heshima. Kwa heshima nitajitahidi.

Mwalimu ni mtu mrefu, mpole, na mbishi wa kutosha. Tangu nimjue amekuwa na shati moja la ukaguzi, jeupe, ambalo mkewe, Mama Agnesi, hulipiga pasi siku ya ukaguzi tu. Hajawahi kuchelewa kazini isipokuwa mara moja, alipofukuzwa na bata mzinga wa jirani, na hata siku hiyo aliandika barua ya kujieleza.

Lakini nani Kigoma nzima anamjua Gervasi kwa sababu ya shati? Anajulikana kwa sababu ya Chikago.

Mwaka 1964 kituo kililetewa sanduku la vitabu vya msaada. Likakaa stoo likisubiri kabati, na kabati lilipofika mchwa walikuwa wameshasoma vyote. Kilinusurika kimoja tu, chenye jalada gumu la ngozi: historia ya mji wa Chikago, Marekani, tangu enzi za kale, kwa Kiingereza. Mtu mwingine angekitumia kuegemezea mlango. Gervasi alikisoma mara nne.

Mwaka 1971 darasa letu lilikuwa hoi. Watu wengi wa Kasingirima huanika dagaa, na mtu aliyeinama juani tangu alfajiri hana hamu ya kuja saa kumi kuandika "baba analima". Wanafunzi walibaki tisa. Ndipo ikaja barua: mkaguzi angefika Jumatatu ya tarehe 11 Oktoba, na asipowakuta wanafunzi arobaini wanaojua kuandika, kituo kifungwe, wanafunzi waende Mwandiga, na Mwalimu ahamishiwe ghala la mbegu. Wanafunzi wetu kwenda Mwandiga, mbali kote huko, kwa miguu baada ya kazi ya dagaa! Gervasi alijua hakuna atakayekwenda. Aliikunja barua ile akaiweka mfukoni, na kwa siku mbili hakula vizuri.

Siku ya tatu alikuja na kitabu. Akatangaza kwamba atakayemaliza zoezi la kuandika atasomewa habari za Chikago, na asiyemaliza atoke nje.

Alianzia mwanzo kabisa, pale mji ulipokuwa kinamasi kando ya ziwa, penye vitunguu pori vilivyonuka mpaka wenyeji wakapaita kwa jina la vitunguu hivyo. Akaja kwa mtu wa kwanza kujenga nyumba ya biashara pale, miaka mia mbili hivi iliyopita: mtu mweusi, Du Sable, aliyeoa binti wa wenyeji. Hapo darasa lilisimama. Mtu mweusi, mfanyabiashara, kando ya ziwa, kaoa wenyeji? Mzee Asumani, mstaafu wa reli, akasema huyo hana tofauti na watu waliovuka kutoka Kongo wakafanya duka Ujiji, na akataka kujua ukoo wake. Kesho yake walikuja thelathini.

Walisikia jinsi ngome ya askari ilivyojengwa na kuteketezwa, jinsi reli zilivyofika kutoka pande zote, jambo lililomuuma Asumani, maana kwetu reli inafika na kuishia. Walisikia jinsi mji ulivyokuwa ukizama kwenye matope hadi majumba ya matofali yakainuliwa kwa jeki huku wageni wa hoteli wakiendelea kunywa chai. Hilo walikataa. Asumani alisema amefanya kazi na jeki miaka ishirini na sita, asidanganywe. Hata hivyo waliandika na kuandika, ili wasitolewe nje. Kufikia Oktoba darasa lilikuwa na watu hamsini na watatu, wengine wamekaa dirishani.

Alhamisi kabla ya ukaguzi, Gervasi aliamua kuwanasa kabisa. Akawasomea moto mkubwa wa 1871. Alisoma vizuri mno: upepo, nyumba za mbao, watu kukimbilia ziwani, maelfu kwa maelfu bila makazi, na ule uvumi kwamba ng'ombe alipiga taa teke. Mji ulipokuwa unateketea katikati, akafunga kitabu, akasema yaliyobaki ni kesho. Alirudi nyumbani anapiga mluzi. Alihesabu kwamba hakuna atakayekosa.

Ijumaa hakuja hata mmoja.

Mwalimu alisahau yuko wapi. Kwetu mtu akisikia msiba haendi darasani kusikiliza uliishaje, anakwenda kuhani. Tuliwakuta wote uwanjani kwa Bibi Klementina, mwanafunzi wetu na mwanika dagaa mkubwa kuliko wote, wameketi kwenye mikeka, wanawake wamejifunga khanga viunoni, sufuria ziko motoni. Magunia matatu ya dagaa yalikuwa yamekwisha changwa kwa ajili ya waathirika. Posta ilikuwa imeyakataa asubuhi hiyo.

Gervasi aliogopa kweli. Alieleza kwamba moto ule ulikuwa wa zamani, kwamba ulishazimika, kwamba mji ulijengwa upya na maghorofa marefu. Hakuna aliyemwamini, walidhani anawafariji. Akaandika mwaka kwa mkaa kwenye kigae, 1871, akatoa hesabu mbele yao. Wakakagua hesabu, wakaikuta sahihi. Miaka mia kamili.

Bibi Klementina alitikisa kichwa. "Miaka mia, Mwalimu, na hatujasema pole," alisema. "Watu wametuonaje? Basi tusikae tena, tuandike leo hii."

Wakamtaka yeye mwenye mwandiko mzuri aandike kwa niaba ya wote. Hapo ndipo ubishi wake ulipotusaidia. Alijibu kwamba pole haitumwi kwa mkono wa mwingine, kila mwenye uchungu aandike yake. Walinung'unika, kisha wakaomba penseli. Kazi ile ilichukua siku tatu, kwa sababu penseli zilikuwa sita na kila mtu alikuwa na mengi.

Jumatatu mkaguzi, Ndugu Nikodemu, alikuta darasa tupu na mimi nimesimama mlangoni. Nilimwambia ukweli kwamba kuna msiba. Akavua kofia, akaomba apelekwe. Alipofika akavua viatu, akaketi mkekani, akapokea ugali na dagaa, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu hakuuliza upesi aliyefariki ni nani. Aliuliza baada ya saa nzima. Asumani akamjibu kwa huzuni kwamba ni Chikago.

Nilimwona Gervasi, ndani ya shati lile jeupe, akifumba macho.

Ndugu Nikodemu alipoambiwa kwamba barua ya pole imeandikwa tayari, akaomba aione. Ilikuwa na kurasa kumi na moja, na aliisoma yote. Bibi Klementina, ambaye mwezi Mei alikuwa akitia sahihi kwa dole gumba, alikuwa ameandika: "Poleni sana. Nyumba yangu nayo iliungua mwaka wa Uhuru. Jengeni tena, ila msiezeke nyasi." Asumani aliandika kwamba yule ng'ombe auzwe. Mwingine aliwakaribisha wakae Ujiji mpaka watengemae, nafasi ipo. Makosa yalikuwa mengi, lakini hakuna mstari usiosomeka.

Mkaguzi aliwahesabu waandishi: hamsini na watatu. Akaomba penseli, akaandika mstari wa hamsini na nne, na kituo hakikufungwa.

Barua ilitumwa kwa "Wazee wa Mji, Chikago, kando ya ziwa, Marekani". Tatizo likawa kwamba matanga hayawezi kuondolewa kabla wafiwa hawajajibu. Kwa hiyo darasa lilihamia uwanjani kwa Bibi Klementina kwa miezi minane, juu ya mikeka ile ile, na mahudhurio hayajapata kuwa mazuri namna hiyo.

Jibu lilifika Juni. Gervasi alilitafsiri ubaoni, na Bibi Klementina akasimama kulisoma kwa sauti, kidole kikifuata kila neno. Mtunza maktaba mmoja wa huko alisema mji ni mzima, na wazee wengi walisomewa barua yetu. Akasema bibi yake aliuona moto ule akiwa mtoto, na katika maisha yake yote hakuna mgeni aliyewahi kumwambia pole.

Bibi Klementina alishusha kidole. "Wamepona," akasema. "Kunjeni mikeka." Mwalimu aligeukia ubao akaanza kuufuta, ingawa watu walikuwa bado wananakili, na alichukua muda mrefu sana kuufuta.

Mwalimu Gervasi, kwa niaba ya wenzako wote, ahsante. Mungu akupe wewe na Mama Agnesi afya, mvua ya kutosha huko Simbo mnakorejea, na umri mrefu wa kubishana. Usiwe na wasiwasi na darasa. Jana jioni niliwahesabu mwenyewe, wako sabini na wawili, na wote wanaandika.