Eustace Maganga, Ambaye Hakurogwa

Marehemu Eustace Maganga alizaliwa Songwa tarehe 14 Agosti 1938, wa kwanza kati ya ndugu wawili. Wa pili ni Valerian, aliyeketi pale mbele. Asikilize vizuri.

Alisoma hadi darasa la nne, 1948 hadi 1951, kisha akachunga ng'ombe wa baba yake. Mwaka 1974 alihamia Buseresere, akafungua bucha. Mteja akilalamikia mifupa, alimwuliza kama amewahi kuona ng'ombe anayetembea bila mifupa.

Alifunga ndoa na Scolastika tarehe 9 Julai 1966. Macho ya mama huyu ni mekundu kwa moshi wa jikoni, kama ya kila mama anayewapikia watu hapa.

Mwaka 1995 kidole gumba cha mguu wa marehemu kilivimba, kikawaka moto, hata shuka hakutaka limguse. Valerian akaleta mganga, na mganga akamtaja Scolastika kuwa ndiye mchawi. Mbuzi akachinjwa kwa ajili ya mizimu, na kwa desturi mgonjwa akala maini na figo, akashushia pombe ya mtama. Mguu ukazidi. Wakachinja mwingine.

Scolastika alichoka na upuuzi huo, akampeleka mumewe kwa Daktari Tanvir mjini Shinyanga, mwenye mashine ya ultrasaundi. Marehemu alipanga foleni na wajawazito. Zamu yake ilipofika akasema, "Daktari, mimi sina mimba."

Daktari alipitisha kifaa juu ya kidole, akamwonyesha mstari mweupe juu ya gegedu, ule utando unaofunika ncha ya mfupa. Akavuta majimaji ya kiungo kwa sindano, akayapima.

"Mzee, hizi ni chembechembe za asidi. Una jongo, ugonjwa wa viungo. Hakuna aliyekuroga. Acha maini, acha pombe."

Aliposimuliwa, Valerian alicheka. "Mashine ya kuonea watoto tumboni, itaonaje uchawi?"

Kila maumivu yaliporudi, alikuja na mbuzi wake. Marehemu aliogopa kumkosea mdogo wake pamoja na mizimu, akala. Figo zake zilishindwa, akafariki tarehe 3 Novemba 1998, Scolastika akiwa amemshika mkono. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jana, hapa hapa msibani, Valerian alisema mjane asipoondoka, asilaumiwe mtu. Kila aliyepo anajua akina mama wenye macho mekundu, wanaodhaniwa wachawi, hufanywa nini huku kwetu. Familia imemsikia, na imekasirika.

Marehemu ameacha mjane, ambaye leo atalala nyumbani kwake. Ameacha watoto watatu, Vumilia, Selestine na Mwigulu, watakaolala mlangoni pake. Ameacha pia mdogo wake Valerian, ambaye jina lake limeshafikishwa polisi.

Eustace apumzike kwa amani. Scolastika naye aishi kwa amani.